Wahusika na nia zao katika Mkaguzi Mkuu wa Serikali

Mkaguzi Mkuu wa Serikali (kwa Kirusi: Revizor) ni tamthiliya ya kuchekesha yenye sehemu tano, iliyoandikwa na Nikolai Gogol (1809–1852), mwandishi aliyezaliwa Ukraine na kuandika kwa Kirusi. Ilichezwa mara ya kwanza mjini Saint Petersburg mwaka 1836. Kwa Kiswahili ilitafsiriwa na Christon Mwakasaka na kuchapishwa mwaka 1979. Mwakasaka anajulikana pia kwa kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu fasihi simulizi ya Wanyakyusa, watu wa Rungwe, Kyela na pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa.

Makala hii inahusu wahusika wa tamthiliya hiyo na mambo yanayowasukuma kutenda. Jambo hilo linahitaji maelezo kwa sababu wasomaji wengi, walimu wakiwemo, humchukua kijana Khlestakov kuwa tapeli aliyekuja mjini kuwaibia viongozi. Msomaji akianza na wazo hilo, tamthiliya nzima humpotea. Khlestakov hakupanga lolote. Mji ulijidanganya wenyewe, na kila mtu alijidanganya kwa sababu yake mwenyewe.

Asili

Inasemekana kisa cha mtu kudhaniwa kuwa mkaguzi Gogol alikipata kwa mshairi Alexander Pushkin, ambaye naye aliwahi kudhaniwa hivyo akiwa safarini mikoani. Mwezi Oktoba 1835 Gogol alimwandikia Pushkin akimwomba kisa cha kuandikia tamthiliya ya kuchekesha, na baada ya miezi michache kazi ilikuwa tayari. Tsar Nicholas I alihudhuria onyesho la kwanza. Katikati ya mwaka huohuo Gogol aliondoka Urusi, akiwa amesikitishwa na jinsi tamthiliya ilivyopokewa na ilivyoigizwa. Aliendelea kuirekebisha hadi toleo la mwaka 1842, ambalo ndilo linalosomwa leo.

Kisa kwa ufupi

Meya wa mji mdogo wa mkoani anapata barua kwamba mkaguzi anakuja kutoka Saint Petersburg kwa siri. Wakati maofisa wakihangaika, wenye mashamba wawili, Bobchinsky na Dobchinsky, wanaingia mbio na habari kwamba mkaguzi yupo tayari, kwenye nyumba ya wageni. Mtu huyo ni Ivan Khlestakov, karani wa cheo cha chini kabisa, aliyepoteza nauli yake kwenye karata na anayedaiwa chakula na chumba. Meya anamhamishia nyumbani kwake. Maofisa wanampa fedha mmoja baada ya mwingine, naye anamchumbia binti wa Meya kisha anaondoka. Mkuu wa posta anafungua barua ya Khlestakov na ukweli unajulikana. Hapo askari anaingia kutangaza kwamba mkaguzi wa kweli amewasili, na wote wanaganda bila kusema neno.

Meya

Anton Antonovich Skvoznik-Dmukhanovsky si mjinga. Gogol mwenyewe, katika maelezo yake kwa waigizaji, anamweleza kuwa mtu aliyezeekea kazini, mwenye akili ya namna yake, anayepokea rushwa lakini anajiheshimu mbele ya watu. Amefanya kazi miaka 30 na anajisifu kwamba amewahi kuwadanganya magavana watatu. Swali ambalo mwalimu anapaswa kuliuliza mapema ni hili: inakuwaje mtu mjanja kiasi hiki anadanganyika na kijana asiye na nauli?

Jibu liko katika Sehemu ya Kwanza, pale Meya anapoambiwa kwamba kijana yule yuko nyumba ya wageni kwa wiki mbili sasa. Hatafuti uthibitisho wa cheo chake. Anaanza kuhesabu yaliyotokea katika wiki hizo mbili: mjane wa sajini alichapwa viboko, wafungwa hawakupewa chakula, mitaa ni michafu. Kila kosa analolikumbuka linamfanya mgeni aongezeke ukubwa. Hiyo ni hofu ya mtu mwenye hesabu anayoijua mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hahitaji kudanganywa na mwingine.

Ushahidi walionao Bobchinsky na Dobchinsky ni mdogo mno. Kijana halipi, haondoki, na alichungulia sahani zao walipokuwa wakila samaki. Mtu mwenye njaa huchungulia sahani ya jirani. Lakini Meya ana sababu ya kuona ukaguzi pale ambapo mwingine angeona njaa.

Nia ya Meya hubadilika baadaye. Katika Sehemu ya Tano, akiamini kwamba amepata mkwe mkubwa, hofu inageuka kuwa tamaa ya makuu: anajiona jenerali Saint Petersburg, anawaza jinsi wengine watakavyosimama kumpisha. Wanafunzi wakiulizwa kama Meya ni mhusika bapa au duara, mara nyingi wanajibu bapa kwa kuwa ni mla rushwa tangu mwanzo hadi mwisho. Jibu hilo linaangalia tabia na kusahau msukumo. Mtu aliyeanza akitetemeka na anayekaribia kumaliza akiota ujenerali amesafiri mbali, hata kama mkono wake haukuacha kupokea.

Khlestakov

Ni kijana wa miaka 23 hivi, mwembamba, asiyeweza kushika wazo moja kwa muda. Gogol aliwaonya waigizaji kwamba kadiri mwigizaji atakavyoonyesha unyofu na urahisi wa moyo, ndivyo atakavyofanikiwa. Onyo hilo halikusikilizwa. Katika onyesho la kwanza mwigizaji Nikolai Dyur alimcheza kama mwongo wa kawaida wa vichekesho vya zamani, na Gogol alilalamika kwa uchungu kwamba mhusika wake hakueleweka. Kwa hiyo kosa la wanafunzi wetu ni la zamani, na lilianzia kwa mtaalamu.

Onyesho la kusoma kwa makini ni lile la nyumba ya wageni katika Sehemu ya Pili. Meya anaingia, na watu wawili wanaogopana. Khlestakov anadhani amekuja kukamatwa kwa sababu ya deni. Meya anadhani amekuja kukaguliwa. Khlestakov anasema ukweli mtupu: hana fedha, anakwenda kijijini kwa baba yake, na baba amemkasirikia. Meya anausikia ukweli huo na kuushangaa kama uongo wa hali ya juu, uongo wa mtu anayejua kuficha cheo. Hakuna mahali pengine katika tamthiliya palipo wazi zaidi kuliko hapa kwamba udanganyifu uko sikioni mwa msikilizaji.

Uongo wa Khlestakov unakuja katika Sehemu ya Tatu, baada ya chakula kizuri na mvinyo. Anadai tikitimaji la rubo 700, supu iliyokuja kwa meli kutoka Paris, wajumbe 35,000 waliotumwa kumsihi aongoze idara. Idadi zinapanda zenyewe kila anapoona macho ya wasikilizaji yakizidi kutoka. Anachotaka ni kusikilizwa. Nyumbani kwake Saint Petersburg ni mnakili wa hati ambaye hakuna anayemwangalia. Hapa chumba kizima kimesimama kwa ajili yake, na wakati anapoyasema anayaamini mwenyewe.

Katika ngano nyingi za Tanzania mdanganyifu ni sungura, anayepanga, anayecheka pembeni na kuondoka na mali. Mwanafunzi aliyelelewa na ngano hizo anaingia kwenye tamthiliya hii akimtafuta sungura. Hamkuti. Khlestakov anatambua kwamba amedhaniwa mtu mkubwa katikati ya Sehemu ya Nne tu, fedha zikiwa tayari mfukoni, na hata hapo jambo analolifanya ni kumwandikia rafiki barua ya kuchekesha.

Mikopo

Katika Sehemu ya Nne maofisa wanaingia kwa zamu kumwona mgeni. Neno "rushwa" halitajwi wanapotoa fedha. Kinachotajwa ni mkopo, na namna neno hilo linavyojitokeza hapa inafaa kutazamwa. Jaji ameingia na noti ndani ya ngumi. Anatetemeka kiasi kwamba zinaanguka sakafuni. Khlestakov anaziona na kuuliza kama anaweza kuazimwa. Jaji anafurahi kama mtu aliyeachiwa huru. Kwa hiyo hata hapa mdaiwa hakupanga lolote. Fedha zilianguka kutoka mkononi mwa jaji. Baada yake Khlestakov anaomba moja kwa moja: mkuu wa posta rubo 300, msimamizi wa shule 300, Zemlyanika wa hospitali 400, na Bobchinsky na Dobchinsky, walioombwa 1,000, wanakusanya 65 baina yao. Pamoja na 300 za jaji jumla ni 1,365.

Kiasi kinakaribiana lakini nia hazifanani, na hapo ndipo penye kazi ya msomaji.

Jaji Lyapkin-Tyapkin amesoma vitabu vitano au sita, kwa hiyo anajiona mwanafikra. Anakiri waziwazi kwamba hupokea rushwa, ila kwa kuwa anapokea watoto wa mbwa wa kuwindia anaona si rushwa hasa. Tanzania iliwahi kuwa na mjadala wa namna hii kuhusu takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, ambayo iliruhusiwa na sheria ya uchaguzi mwaka 2000 kabla ya Mahakama Kuu kuifuta mwaka 2006. Mtoto wa mbwa wa jaji ni takrima yake.

Zemlyanika, msimamizi wa hospitali, ndiye mwovu kuliko wote kwa sababu ndiye pekee anayetumia nafasi ile kuwachongea wenzake. Anasema mkuu wa posta hafanyi kazi, jaji ana tabia mbaya, msimamizi wa shule ana mawazo ya hatari kwa vijana. Wengine wanalipa ili waachwe. Yeye analipa ili wengine wasiachwe.

Msimamizi wa shule, Khlopov, hana hila yoyote. Anapewa sigara na kuiwasha upande usio wake, anaulizwa swali jepesi kuhusu wanawake na ulimi unakwama, kisha anatoa fedha na kukimbia. Katika Sehemu ya Kwanza amelalamika kwamba katika kazi ya elimu kila mtu huingilia na kila mtu anataka kuonyesha kuwa naye ana akili. Walimu wake wana kasoro za ajabu: mmoja hukunja uso darasani bila kujua, mwingine wa historia huvunja viti akifika kwenye habari za Alexander wa Makedonia. Yeyote aliyewahi kujaza maandalio ya masomo usiku kwa sababu mkaguzi anafika asubuhi atamcheka Khlopov kwa sauti ya chini.

Mkuu wa posta hufungua barua za watu kwa udadisi tu, na zilizomfurahisha huzihifadhi. Meya anamtia moyo aendelee, kwa faida ya wote. Ndiyo maana barua ya Khlestakov inafunguliwa katika Sehemu ya Tano. Gogol hakuhitaji mtu mwadilifu kuufichua ukweli, kwa kuwa hakuwa naye mjini. Alitumia tabia mbaya iliyokuwa imekwisha kuonyeshwa. Barua inaposomwa kwa sauti, wasomaji wanabadilishana karatasi, na kila mmoja akikaribia mstari unaomhusu huona mwandiko haueleweki au barua ni ndefu mno.

Bobchinsky na Dobchinsky

Wawili hawa hufundishwa kama vichekesho tu, kwa sababu ni wafupi, wanafanana na wanakatizana maneno. Lakini Bobchinsky ana ombi moja la kukumbukwa. Hatafuti cheo wala fedha. Anamwomba mgeni, akirudi Saint Petersburg, awaambie wakubwa wote, na hata mfalme akipata nafasi, kwamba katika mji ule anaishi mtu aitwaye Bobchinsky. Basi. Ni mhusika mdogo, lakini nia yake ndiyo nia ya mji mzima ikiwa imevuliwa nguo: kuishi mbali mno hata mtu akawa na shaka kama yupo.

Mke na binti

Anna Andreevna na Marya Antonovna wanashindana kwa mgeni. Gogol anaelekeza kwamba mama abadilishe nguo mara nne katika tamthiliya. Kinachomsukuma ni Saint Petersburg yenyewe, nyumba yake huko, harufu ya chumba chake. Khlestakov anapopiga magoti kwa binti na mara baada ya hapo kwa mama, haonyeshi uhuni uliopangwa. Anapenda aliye mbele yake. Binti ameandikwa kwa uchache, na ni kasoro ya tamthiliya.

Osip na wanaolalamika

Mtumishi Osip ni mwerevu kuliko bwana wake. Anafungua Sehemu ya Pili kwa njaa, na njaa hiyo inampa akili timamu ambayo wengine hawana. Ndiye anayemhimiza Khlestakov aondoke kabla ya mambo kuharibika. Wafanyabiashara wanapoleta sukari na mvinyo, Osip anapokea kila kitu pamoja na kamba ya kufungia, kwa kuwa safarini hata kamba itafaa.

Wafanyabiashara hao wanakuja kulalamika kwamba Meya anawanyonya, nao wanakuja na zawadi. Hawajui njia nyingine ya kufika mbele ya mkubwa. Baada yao wanaingia mke wa fundi wa makufuli, ambaye mumewe ameandikishwa jeshini isivyo halali, na mjane wa sajini aliyechapwa viboko, ambaye Meya anadai kwamba alijichapa mwenyewe. Hapa kicheko kinapungua. Wanawake hawa ndio pekee wanaotaka haki, nao wanaiomba kwa mtu asiye na mamlaka yoyote. Khlestakov anachoka na kuagiza wengine wasiingizwe. Mwalimu anayeliruka onyesho hili kwa kuona linarefusha mambo ameondoa wenye deni kwenye hesabu: rubo zote zilizotolewa asubuhi ile zilitoka kwao.

Jina la Kiswahili

Neno la Kirusi linasema tu "mkaguzi". Tafsiri imeongeza "Mkuu" na "wa Serikali", na ongezeko hilo linalingana na jinsi Meya anavyomkuza mgeni kichwani. Kwa msomaji wa Tanzania wa leo jina linakumbusha ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kufanana huko kusipotoshe: ofisi hiyo hukagua hesabu kwa mujibu wa Katiba na taarifa zake hufika Bungeni, ilhali mkaguzi wa Gogol anatarajiwa kuja kwa siri na hatumwoni kamwe jukwaani.

Kuisoma Kyela

Mji wa tamthiliya hauna jina, na Meya anasema kwamba hata ukipanda farasi miaka mitatu hutaifikia nchi nyingine. Jaji anapokisia kwamba mkaguzi ametumwa kutafuta wasaliti kabla ya vita, Meya anamcheka kwa sababu mji hauko mpakani. Mwanafunzi wa Kyela atahitaji kuelezwa kichekesho hicho, maana kwake Malawi iko ng'ambo ya mto Songwe na kituo cha mpaka kipo Kasumulu. Lakini umbali wa mji mkubwa anaujua. Kutoka Kyela hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na mkubwa akitoka huko habari zake hutangulia gari lake.

Linganisho la karibu kwa mwanafunzi wa Tanzania ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Pale pia ofisa anatoka mjini na kufika kijijini akiwa amebeba jina la serikali, na pale pia kazi inaharibika kwa sababu ya tamaa binafsi. Tofauti ni kwamba Ngoswe ni karani wa sensa wa kweli mwenye karatasi za kweli, na anayemshughulikia ni baba mwenye binti, ambaye hamwogopi kiasi cha kushindwa kuzichoma.

Tamthiliya huzoea mazingira haraka inapochezwa shuleni. Samaki aliye sahanini mwa Bobchinsky na Dobchinsky anaweza kuwa mbasa wa Ziwa Nyasa, na sukari ya wafanyabiashara ikawa gunia la mchele wa Kyela, bila nia ya mhusika yeyote kubadilika. Kisichofaa kubadilishwa ni namna ya kumcheza Khlestakov. Akipewa mwanafunzi mcheshi anayejua kukonyeza watazamaji, kosa la Dyur linarudi. Apewe yule anayesimulia mambo ya likizo hadi anasahau alipoanzia.

Onyesho la kimya

Maelekezo ya Gogol yanataka wahusika wagande kwa karibu dakika moja na nusu baada ya mkaguzi wa kweli kutangazwa, kila mmoja katika mkao wake: Meya katikati mikono imetanuliwa, mkuu wa posta kama alama ya kuuliza. Vsevolod Meyerhold alipoiongoza Moscow mwaka 1926 aliweka masanamu mahali pa waigizaji. Shuleni waigizaji huona dakika moja na nusu ni ndefu mno, na watazamaji huanza kucheka tena, kisha huacha. Katika mazoezi mwalimu anaweza kumwuliza kila mmoja aliyeganda anafikiria nini wakati ule. Anayecheza Zemlyanika kwa kawaida hujibu haraka kwamba anatafuta nani wa kumsingizia, na anayecheza Khlopov huuliza kama anaruhusiwa kukimbia.